Fremu ya Picha Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya mahafali, Inspekta mstaafu Aloo alitoka nje na kikombe cha chai mkononi kuliangalia joho lake, akakuta kamba ya nguo ni tupu.

Akanywa funda moja la chai kwanza. Miaka thelathini ya upelelezi ilikuwa imemfunza kwamba mtu akianza kwa kelele, akili humkimbia. Alipomeza, ndipo akapiga kelele.

"Yawa! Joho langu liko wapi?"

Nyumba nzima ikatoka. Sheryl, binti yake, alitoka na mswaki mdomoni. Ooko, kaka mkubwa wa Aloo aliyekuja kutoka Nairobi jana, alitoka amevaa suti ya buluu na tai kabisa. Mama yao mzazi, Mama Amolo, mwenye miaka themanini na minne, alitoka mwisho akiwa amekumbatia fremu yake ya picha kifuani. Tangu ainunue fremu hiyo alikuwa hataki hata kuiweka mezani.

Upande wa pili wa ua, Lorine, jirani aliyekuja kusaidia mapishi, alikuwa akikaanga mandazi kwenye jiko la kuni. Alikuwa ameketi upande wa lango, na moshi wote ulikuwa ukipita mbali naye, ukiruka ua wa miti kuelekea ziwani. Naye akaacha karai likichemka, akaja.

"Sheryl, ulilitundika wapi?" Aloo aliuliza.

"Hapa hapa, Mama. Kwa henga. Nililitoa nje alfajiri lipate hewa, si lilikuwa linanuka nafthalini?"

"Na hudi?"

"Ilikuwa juu yake."

Hudi ni kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni mwa mhitimu. Bila joho na hudi hakuna kuingia kwenye msafara wa wahitimu. Barua ya chuo ilisema hivyo, na waliosimama langoni kulinda amri hiyo hawakuwa watu wa kubembelezwa. Aloo alijua vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kusimama pale. Alipomaliza shahada yake ya kwanza, aliyoisomea wikendi baada ya zamu, siku ya mahafali mkubwa wake wa kazi alimpanga kulinda lango la chuo kile kile. Jina lake lilisomwa kwenye vipaza sauti yeye akiwa amevaa sare, akikagua mikoba ya akina mama wa wenzake. Alipiga saluti peke yake, hakuna aliyeona. Leo, akiwa na miaka hamsini na minane, alikuwa anapokea shahada ya uzamili kwa utafiti wake juu ya wizi wa injini za mashua, na kwa mara ya kwanza maishani angevaa joho. Msafara ungepangwa saa mbili.

"Mimi nimeliona," Ooko alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nilikuwa hapa barazani nafunga kamba za viatu. Upepo ukavuma kutoka ziwani, lakini upepo kweli kweli! Ukalibeba joho na henga yake, likapita juu ya lango likaangukia barabarani. Kufika huko, nikaona boda boda inatimua vumbi. Aliyekuwa nyuma ameshika kitu cheusi." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Watu wa siku hizi, dada yangu! Hata joho?"

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuwa nakuja kukuita."

Aloo alikwenda langoni. Kweli, henga, kile kitundikio cha nguo, ilikuwa pale chini, nje kidogo ya lango, upande wa barabara ya mjini. Aliiokota akaigeuzageuza. Mama Amolo akaanza kunung'unika kwa Kijaluo, maneno ambayo hayafai siku ya sherehe.

Wakati huo huo pikipiki ilisimama, akashuka Njenga, mpiga picha mwenye duka mtaa wa Kondele. Kazi yake ni kupiga picha za harusi na mahafali, na pia hukodisha majoho na kuuza yale mashada ya kumetameta ambayo jamaa humvika mhitimu shingoni. Alikuwa na begi kubwa jeusi lililotuna.

"Mama Inspekta, hongera! Leo ni leo!"

"Njenga, umepitia barabara gani?"

"Hii hii ya mjini. Kwani kuna nini?"

"Umekutana na boda boda imebeba mtu na nguo nyeusi?"

"Hapana. Kutoka kona ile mpaka hapa sijapishana na mtu, ila punda wa kubeba maji."

Ooko akacheka kwa pua. "Huyo hawezi kuona. Si ndiye anakodisha majoho? Joho likipotea, nani anapata mteja?"

Maneno hayo yalianguka vibaya. Njenga alimtazama, kisha akamtazama Aloo, na uso ukambadilika. "Mama, mimi nimekupiga picha tangu ukiwa Koplo. Unaamini hiyo?"

Kusema kweli, Aloo hakuamini. Lakini mpelelezi haamini wala hakatai, anafungua begi. "Samahani, Njenga. Fungua."

Njenga alifungua kwa hasira, zipu ikalia. Ndani mlikuwa na pakiti za mashada, zote bado zimefungwa kwa plastiki ya kiwandani, hakuna hata moja iliyopasuliwa. Chini yake kulikuwa na kitu cheusi kimekunjwa vizuri.

"Haa!" Ooko alisema. "Si niliwaambia?"

Aloo alikikunjua. Lilikuwa joho, ndiyo, lakini mikono yake ilikuwa mifupi na ya wazi, joho la shahada ya kwanza. La uzamili mikono yake ni mirefu, imeshonwa mwisho kama mfuko.

"Hili ni lake yeye!" Njenga alimwonyesha Ooko kwa kidole. "Mama mzee alinipigia simu jana jioni. Akasema mtoto wake wa kwanza pia ni mhitimu, nimletee joho apigwe picha na dadake. Na hudi nimebeba mbili kwa sababu sikujua alisomea nini. Haya, Mzee, wewe chagua. Ya kijani au ya manjano?"

Ooko aliziangalia zile hudi. "Yoyote tu."

"Mtu hasahau rangi yake, Mzee."

"Ni zamani. Na hatujamaliza kutafuta joho la dada yangu, wewe unaniuliza habari ya rangi?"

Mama Amolo aliingilia kati. "Nililiitisha mimi. Hii fremu ina nafasi mbili." Akaiinua wote waione: vioo viwili ubavu kwa ubavu katika ubao mmoja. "Huku Ooko, huku Aloo. Picha yako, Ooko, si iliungua Nairobi? Basi utavaa tena, upigwe nyingine. Ukuta wangu umekaa mtupu miaka yote hii."

"Ndiyo, Mama," Ooko alisema. "Ndiyo."

Aloo aliyasikia yote, akayaweka kando. Alikuwa amezoea kuweka vitu kando, akijua kila kimoja kitaomba nafasi yake baadaye. Alimrudishia Njenga joho lile, akamwomba radhi mbele ya watu.

"Una la uzamili dukani?"

"Yote yametoka, Mama. Wallahi ningekuvua mimi mwenyewe kama ningekuwa nimevaa."

Sheryl alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, kimya. Msichana huyo huwa hanyamazi hata kanisani. Aloo akamkaribia, akaketi.

"Sema."

"Mama, usinikasirikie."

"Nitaamua nikishasikia."

"Nililivaa. Nilipolitoa nje. Nilitaka tu kuona nitafanana vipi siku yangu. Nikajipiga picha moja, nikalirudisha kwa henga. Naapa nililirudisha, Mama. Labda sikulikaza vizuri na ndio upepo…" Machozi yakaanza kumtoka. "Nimekuharibia siku yako."

"Lete simu."

Picha ilikuwa nzuri, Aloo hakuweza kukataa. Binti yake amesimama kando ya kamba, joho limemfikia vifundoni, kidevu juu kama gavana. Kwa sekunde chache alisahau kwamba anapeleleza. Moyo ulimjaa. Halafu macho ya kazi yakarudi, akaacha kumtazama Sheryl, akatazama nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na jiko la Lorine. Moshi ulikuwa umelala, umelalia ziwani, vile vile ulivyokuwa umelala sasa hivi alipotoka na chai.

"Ulipomaliza kupiga hii, nani mwingine alikuwa ameamka?"

"Lorine, lakini alikuwa ndani anakanda unga. Na Mjomba. Alikuwa barazani tayari na suti. Nikamwamkia, nikaingia kuoga."

Aloo alimpapasa begani. "Futa machozi. Upepo haujaiba kitu hapa."

Alisimama akamwendea kaka yake, ambaye alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi kwa uso wa msibani.

"Baba Sydney," alimwita kwa jina la mtoto wake, kwa heshima, "unafikiri nifanye nini?"

"Mimi nasema hivi. Usijiaibishe huko langoni. Shahada ni yako, hata usipoenda. Tukae hapa tule tu, na hizo mambo za picha tuziache kabisa. Si lazima kila mtu aende. Kwani huko kuna nini? Unaketi juani, unaitwa jina, unapanda jukwaani, Mkuu wa Chuo anakupa cheti mkononi, unashuka. Mimi nilipanda nikashuka, imeisha."

"Ulipanda?"

"Kila mtu hupanda."

Aloo aliitikia kwa kichwa polepole. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mkono wa suti ya kaka yake. Pale karibu na kifungo, kitambaa cha buluu kilikuwa kinametameta, vumbi jembamba la fedha. Mtu mwingine angesema ni mashada ya Njenga. Lakini mashada yalikuwa bado kwenye plastiki yake.

"Njoo unisaidie kuinua kitu stoo," alisema. "Mikono yangu imezeeka."

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba. Ndani mlikuwa na debe la mafuta, viti vya kukodi, na gunia la omena kavu, wale dagaa wa ziwani, ambalo Mama Amolo alikuja nalo, zawadi ya wageni wa mchana. Mama huyo alilea watoto wake kwa omena. Kila alfajiri alianika pale ufukweni Dunga, na aliyekuwa akimsaidia ni Aloo, kwa sababu Ooko alikuwa mtoto wa kusomeshwa. Tangu darasa la pili alipelekwa kwa mjomba Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa, awe karibu na shule nzuri. Huko alikua, na kutoka huko akaenda Nairobi. Dunga alikuja kwa matanga na Krismasi, na akija alikuwa mtu wa kuamka jua likiwa limeshachoma.

Aloo alirudisha mlango. "Nikuulize kitu cha kitoto. Asubuhi kama hii, upepo hapa unatoka wapi?"

"Si nimesema? Ziwani."

"Mchana, ndiyo. Alfajiri unatoka nchi kavu unakwenda ziwani. Wavuvi hutoka nao, na mchana ukigeuka hurudi nao. Mimi na Mama tulikuwa tukianika omena tumeupa mgongo mji, ili vumbi la magamba lisituingie machoni. Hakuna mtoto wa Dunga asiyejua hilo." Akamwonyesha simu ya Sheryl. "Angalia moshi. Kama upepo ungelibeba joho langu, ningelikuta kwenye matete, huko majini. Lisingekwenda langoni, na henga yake isingekwenda langoni. Henga ilipelekwa kwa miguu."

"Labda niliona vibaya."

"Labda. Na huu mkono wako? Umeshika nini asubuhi hii kinachoacha magamba ya fedha?"

Ooko aliuangalia mkono wake. Akaanza kuupangusa, akaacha. Aloo hakumngoja. Alifungua kamba ya gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akavuta. Lilitoka polepole, jeusi, na hudi yake imejikunja ndani, na omena ndogo zikaanguka sakafuni.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alikuwa amekamata wezi wa ng'ombe, wezi wa injini, mtu aliyeiba jeneza. Hakuna aliyewahi kumuuma hivi.

"Kwa nini, Ooko? Nilikufanyia nini mimi?"

"Hukunifanyia kitu."

"Kwanza ukataka Njenga aingie ndani kwa kosa lako! Mtu wa watu! Halafu binti yangu analia huko nje akifikiri ni yeye!"

Ooko aliketi kwenye debe la mafuta. Suti yake ilionekana kubwa ghafla.

"Nilitaka usiende tu. Usipoenda, hakuna picha. Jioni ningesema nimelipata."

"Na picha ina nini?"

Ooko aliinama, akaokota omena moja sakafuni.

"Basi nitakusaidia," Aloo alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ile sauti ambayo washukiwa waliiogopa kuliko kelele. "Umesema ulipanda jukwaani ukapewa cheti mkononi. Mimi nimelinda lango la mahafali miaka mingi. Hakuna anayepanda, Ooko. Watu ni maelfu. Kitivo kizima kinasimama pale pale kwenye viti, majina yanasomwa, Mkuu wa Chuo anatamka, mnaketi. Cheti unakifuata ofisini siku nyingine. Na rangi ya hudi yako huijui. Hukusahau rangi. Hukuwahi kuivaa."

Nje, Lorine alikuwa akiimba wimbo wa kanisa juu ya mandazi yake.

"Nilianguka mwaka wa pili," Ooko alisema. "Wakanitoa. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wake wa kulimia kwa ajili yangu, Aloo. Alikuwa analima kwa jembe la mkono, na kila mtu sokoni anamwita Baba Mwanachuo. Ningerudi nikamwambie nini? Nikatafuta kazi ya ukarani, nikasema nimemaliza. Picha ikaulizwa, nikasema iko kwa fremu Nairobi. Ikaulizwa tena, nikasema nyumba imeungua. Jana Mama akatoa ile fremu. Nikaona nikivaa lile joho mbele ya wahitimu wa kweli, hiyo aibu nitakufa nayo. Na nisipovaa, nitasema kwa nini?"

"Kuanguka si kosa, kaka yangu. Mimi nimeanguka somo la takwimu mara mbili, mtoto wa umri wa Sheryl ndiye aliyenifundisha mpaka nikapita. Lakini leo ulitaka niangushwe na mimi, ili tulingane."

"Ndiyo," Ooko alisema, na machozi yakamtoka mtu mzima yule. "Nisamehe. Ndiyo."

Mlango ulisukumwa. Mama Amolo alikuwa amesimama hapo na bakuli tupu, amekuja kumchukulia Lorine omena. Alikuwa amesimama muda gani, hakuna aliyejua, lakini uso wake ulisema ni muda wa kutosha.

"Mama…" Ooko alianza.

"Toa hiyo nguo kwa samaki yangu," mama alisema.

"Imetoka, Mama," Aloo alijibu.

Bibi kizee alimtazama mwanawe wa kwanza kwa muda mrefu. "Baba yako alikufa anasema, mimi nimesomesha. Alikufa anafurahi." Akalikaza bakuli kifuani. "Hiyo nitailia kesho. Nitakulilia wewe na yeye pamoja. Leo nina sherehe. Simama, umvalishe dadako."

Walitoka nje wote watatu. Sheryl alipoona joho alipiga ukelele, Njenga akadondosha kamera, ikanusurika kwa mkanda wake. Kwenye ua, mbele ya watu, Ooko alilikung'uta joho, akamvalisha Aloo mkono mmoja, halafu wa pili, akamwekea hudi begani kwa vidole visivyojua kazi hiyo, Sheryl akimwelekeza. Kisha alimgeukia Njenga.

"Bwana, nimekusingizia. Ni mimi niliyelificha."

Njenga alimkodolea macho. "Mzee! Na vile ulisema haa!" Alitaka kuendelea, akauona uso wa mama mzee, akaacha. "Haya. Yaishe. Lakini Mama Inspekta, hiyo joho…" Akanusa. "Hiyo joho inanuka omena mpaka mbinguni."

Ilikuwa kweli. Hakukuwa na wakati wa kufanya lolote.

Saa mbili Aloo alikuwa kwenye mstari. Kijana mmoja mbele yake aligeuka akakunja pua, akamnong'onezea mwenzake kwamba kuna mtu amebeba samaki.

"Ni mimi, mwanangu," Aloo alimwambia. "Ni omena ya mama yangu. Ukitaka kusogea, sogea, lakini mimi siisogezi." Vijana wakacheka, akacheka nao. Alitembea kwenye ule msafara kifua mbele, akapita langoni, na askari kijana aliyekuwa hapo akamtambua, akapiga saluti. Safari hii kulikuwa na watu wa kuona.

Kitivo chao kilipoitwa walisimama mamia kwa pamoja, kama ilivyo desturi. Jina la Aloo liliposomwa, kutoka kwenye hema la wazazi ukatoka kigelegele kimoja kikali, cha mwanamke aliyewahi kunadi omena ufukweni. Kilipoisha kikaanza upya. Alipolitafuta hema kwa macho aliona kaka yake amesimama peke yake kati ya watu walioketi, ameshika pochi ya mama kwapani, anapiga makofi juu ya kichwa na uso wake umelowa. Aloo naye akalia. Hakuona sababu ya kujizuia, alikuwa amesubiri siku hiyo maisha yake yote.

Nje ya lango, baada ya picha ya kwanza, Njenga alikuna kichwa. "Mama mzee, fremu ina nafasi mbili. Ya pili nani?"

Ooko alitazama viatu vyake.

Aloo alivua joho. Akavua na hudi, akavua na shada moja kati ya yale mashada saba shingoni mwake, akamvisha mama yake vyote. Joho lilimmeza bibi kizee, likaburuta chini. Mama Amolo aliinua mkono wa joho puani, akanusa, akacheka mpaka mapengo yakaonekana.

"Hii sasa ndiyo yangu," alisema. "Njenga, piga."

Jioni hiyo hiyo picha zilisafishwa, na fremu ikapelekwa kwenye ukuta uliokuwa mtupu miaka yote ile: huku Aloo, huku Amolo. Aliyepigilia msumari alikuwa Ooko.